Pasi Aliyoahidiwa Mgeni wa Msiba

Katika msiba wa mume wangu, mtu aliyelia kwa sauti kuliko wote nilikuwa simjui. Alifika siku ya pili, amevaa koti la kijivu na viatu vinavyong'aa. Alivivua mlangoni kwa adabu, akawapa wanaume mkono mmoja mmoja, kisha akakaa na kuanza kulia. Hakulia kama mtu aliyefiwa, ambaye hulia kidogo, akanyamaza, akakumbuka tena. Alilia mfululizo, kama kibarua anayeogopa msimamizi. Shemeji yangu akamletea maji. Wanawake niliokaa nao kwenye mkeka waliniuliza kwa macho, nami nikawajibu kwa macho kwamba simjui.

Sikushangaa sana. Mume wangu alikuwa dobi hapa Shinyanga, na dobi hufahamiana na watu ambao mke wake hawajui. Kila shati lina mwenyewe. Nilidhani huyu ni mmoja wa wenye mashati, na pengine lake lilikuwa bado kwetu, ndilo analolilia.

Sasa najua kilichomleta. Asubuhi ile tangazo la kifo lilisomwa redioni, baada ya tangazo la mbegu za pamba na kabla ya lile la ng'ombe waliopotea. Shemeji ndiye aliyeliandika, na kwa kutaka kumpamba kaka yake akaongeza maneno: "dobi wa siku nyingi." Watu wengine waliposikia walisema maskini. Mwenye koti la kijivu alisikia kitu kingine. Dobi wa siku nyingi ana pasi ya siku nyingi.

Na kweli ilikuwepo. Pasi ya mkaa, ya chuma kizito, yenye kifuniko kinachofungwa kwa komeo lenye umbo la jogoo. Tulikuwa na ya umeme pia, lakini umeme una tabia zake, na mtu anayetaka suruali ya kwendea kanisani haelewi habari za nguzo iliyoanguka. Mume wangu aliinunua sokoni ikiwa tayari imezeeka. Jogoo wa kwanza alivunjika shingo mwaka tuliohamia chumba cha karibu na reli, na fundi mageti wa pale stendi akatuchomelea mwingine. Alikusudia jogoo, akatoka bata. Mpini ulipoungua tuliweka kipande cha mpini wa jembe. Upande wa kushoto kifuniko hakikai sawasawa, majivu huvuja, kwa hiyo shati jeupe lazima ulianzie kulia. Mambo hayo hawezi kuyajua mtu ambaye hajaishika pasi ile. Mimi niliyajua kwa sababu miaka miwili ya mwisho, kifua cha mume wangu kilipokataa moshi, mimi ndiye niliyepiga na yeye akakunja. Alikuwa anakunja vizuri sana. Mashati yake yalipangika kama vitabu.

Kwetu msiba haufungwi hivi hivi. Siku ya tatu, watu wakishakula, mzee wa ukoo husimama na kuuliza kama yupo mwenye neno na marehemu. Aliyemwachia mbuzi amtunzie husema. Aliyeahidiwa kitu husema. Marehemu asiondoke na neno la mtu mdomoni. Ni desturi nzuri, ila imetungwa kwa kudhani kwamba watu hawasemi uongo mbele ya kaburi bichi, na waliotunga hawakuwahi kukutana na mfanyabiashara.

Mwenye koti akainuka, akajifuta uso.

"Wazee wangu, mimi sina dai," akasema. "Nina ahadi tu. Marehemu aliniambia kwa kinywa chake: ndugu yangu, nikitangulia, ile pasi yangu ya mkaa ije kwako iwe kumbukumbu."

Watu wakaguna kwa huruma. Kumbukumbu ni neno zuri. Angesema televisheni, vijana wa ukoo wangemtoa nje.

"Pasi tu?" mzee wa ukoo akamuuliza.

"Pasi tu, baba."

Mzee akanigeukia. "Mkwe, unalijua neno hili?"

"Silijui, baba."

"Lakini mumeo unamjua. Anaweza kulisema?"

Hapo nilikwama. Ilitakiwa nijibu kwamba hawezi, na ningekuwa nimesema uongo. Mume wangu alikuwa mtu wa kuahidi. Alimwahidi dada yake mabati. Alimwahidi fundi saa redio ile ile aliyokwisha kumwahidi kinyozi. Mimi aliniahidi kunipeleka Mwanza nikaone ziwa, tangu tulipooana, na kila mwaka ziwa lilizidi kuwa mbali.

"Anaweza," nikasema.

"Basi. Neno la marehemu halilazwi njiani."

Nikaingia ndani kuileta. Nitasema yote: kabla ya kuitoa niliikung'uta majivu, nikaifuta kwa kitambaa. Nilimsafishia. Akaipokea kwa mikono miwili, akalia tena kidogo, akaondoka kabla ya chai.

Miezi iliyofuata nilimlilia mume wangu huku nimemnunia. Chuma kingepatikana kingine. Kilichoniuma ni kwamba alijua nani anayeshika ile pasi, alijua nitakula kwa kutumia nini, na bado, kama maneno yale yalikuwa kweli, alikaa mahali akamgawia mtu nisiyemjua mkono wangu wa kulia. Mtu hawezi kumgombeza aliye kaburini. Nilikuwa nikienda Jumapili kupalilia majani, napalilia bila kusema naye.

Siku moja mwalimu mmoja mteja wetu alikuja kuchukua nguo.

"Mama Dobi, hizi suruali mbona kama zimelaliwa na mbwa?"

"Umeme ulikatika, mwalimu. Na pasi ya mkaa marehemu alimpa mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Alikuja msibani na koti la kijivu."

Mwalimu aliweka suruali chini, akakaa juu ya ndoo. "Analia sana?"

"Sana."

"Mrefu, anasema 'mimi sina dai'?"

"Huyo huyo."

"Alikuja Tinde kwenye msiba wa mama mkwe wangu. Bibi wa watu haongei na mtu yeyote, hata sisi alikuwa hatuongeleshi, tukaambiwa alimwahidi cherehani yake."

"Mkampa?"

"Tukampa. Na kuku wa njiani."

Ndiye aliyenieleza. Kuna watu wanaamini kwamba ndani ya pasi za jogoo, vichwa vya cherehani na redio za mbao kuna zebaki nyekundu iliyofichwa na Wajerumani, na kwamba tone lake moja linamtajirisha mtu na wajukuu zake. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kule Geita zebaki iko kwenye vichupa kila penye karasha za kusaga mawe, watu wanakamatia dhahabu na kunawa mikono kwenye ndoo hiyo hiyo, na hakuna anayeigeukia mara mbili. Lakini hiyo inaonekana, ndiyo kasoro yake. Watu wazima wanatafuta ile ambayo hajaiona mtu.

Tangu siku hiyo nikaanza kutembelea maduka ya vitu vya kale. Nilitaka kumpata yule bwana nimuulize swali moja tu: mume wangu alikuahidi kweli? Akisema ndiyo, basi nitajua nimeolewa na nani. Akisema hapana, nitajua pia.

Nilianza na wauza chuma chakavu hapa hapa mjini. Pale kuna mzani, rundo la mabati na mzee mmoja anayekaa juu ya injini ya trekta.

"Mwadila, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama. "Umeleta nini?"

"Sijaleta, natafuta. Pasi ya jogoo."

"Na wewe?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba padri kaanza kunywa gongo. "Mayu, pasi siku hizi haifiki kwenye mzani wangu. Zamani nilizipima pamoja na sufuria zilizotoboka. Sasa zinapanda gari kwenda Geita, zimefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga."

Geita nina mdogo wangu anayewapikia wachimbaji, kwa hiyo nilikuwa na pa kufikia. Duka alilonionyesha lilikuwa nyuma ya soko. Mlangoni palikuwa na simu ya kuzungusha kwa kidole, ndani saa za ukutani ambazo kila moja ilikuwa na saa yake, chemli, magurudumu ya baiskeli, na vigoda. Wateja walikuwa ni watu waliopata mawe ya dhahabu juzi. Mmoja, mwenye vumbi bado masikioni, alikuwa akinunua saa kubwa ya mbao isiyotembea ili aitundike sebuleni, wageni wadhani kwamba hata babu yake alikuwa na mahali pa kuwahi.

Mwenye duka akanionyesha kigoda. "Hiki alikikalia mtemi."

"Mtemi yupi?"

"Wa zamani."

"Na kile pale?"

"Nacho mtemi."

Vilikuwa vingi. Nilivyoviangalia niliona watemi wetu hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kukaa na kuhama kiti. Nilipokwenda uani kuomba maji ya kunywa, nikakuta vingine vipya, mbao bado nyeupe, vimetundikwa juu ya moto wa maharage vikipigwa moshi. Kimoja kilikuwa kimepakwa mavi ya ng'ombe, kimeanikwa.

"Hivi navyo?" nikamuuliza mke wa mwenye duka.

"Hivyo bado havijakaliwa," akasema, akaendelea kukoroga maharage.

Nilimpenda yule mama. Ndiye aliyeniambia kwamba mwenye koti la kijivu ana duka lake Kahama, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, na kwamba mumewe hununua pasi kwake.

Nisijifanye mwerevu. Katika duka lile lile nililolicheka nilinunua sahani ya bati yenye maua mekundu, imebanduka ukingoni, kwa sababu bibi yangu alikuwa na kama ile na alituwekea viazi ndani yake. Mwenye duka aliniambia ni ya Mjerumani. Nikamwambia si kweli, nikainunua hivyo hivyo. Nikaongeza chemli isiyo na kioo. Mdogo wangu aliponiona navyo alisema, "Dada, ulikwenda kutafuta mwizi, umerudi mteja."

Nilishuka Kahama nikiwa njiani kurudi. Lile duka halikuwa gumu kulipata. Makapi ya mpunga yalikuwa yametanda hadi mlangoni, na juu ya mlango imeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwamba hapa ni hazina za mababu. Nikaingia. Yule bwana alikuwa amekaa, koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari, safi, likisubiri tangazo la redio.

Hakunitambua. Mjane hukaa kafunikwa kanga, na mtu aliyekuja msibani kuangalia pasi hamwangalii mjane.

Pasi ilikuwa juu ya meza katikati ya duka, imepakwa mafuta, bata wangu anang'aa. Imezungukwa na duara la punje za mchele. Mchimbaji mmoja mnene, mwenye pete tatu, alikuwa ameinama juu yake, na kando yake mtu mwembamba mwenye miwani aliyeitwa mtaalamu. Feni ilikuwa imezimwa, madirisha yamefungwa. Joto la Kahama lilikuwa limeingia na kuketi pamoja nasi. Mwalimu alikuwa amenieleza habari hizo pia: pasi ikiwa na zebaki, punje huivuta zikaisogelea.

"Mayu, kaa hapo kwenye benchi," mtaalamu akaniambia. "Usipumue kwa nguvu."

Nikakaa. Tukazitazama punje.

"Ile imesogea," mchimbaji akasema.

"Haijasogea. Umeigusa na kidevu," mtaalamu akasema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Huo ni mdudu, mzee. Mchele wako una wadudu."

"Mchele wangu wa daraja la kwanza, usinitukane."

"Zebaki ya Mjerumani haina haraka," mwenye duka akasema kwa upole, sauti ile ile ya msibani. "Babu yangu alikuwa mpishi wa Mjerumani. Alikabidhiwa hii pasi kwa mkono, akaambiwa: tunza, tutarudi. Imekaa katika ukoo wetu tangu hapo. Mimi naiuza huku moyo unaniuma."

Mtu yule angeweza kulia hata hapo. Macho yalikwisha anza.

Mimi si msemaji. Watu wanaonijua watashangaa kwamba nilifungua mdomo. Lakini mchimbaji alikuwa akijifuta jasho, na nilimwonea huruma, na pia, kusema ukweli, nilikuwa nimechoka kutopumua.

"Samahanini, baba zangu. Huyo jogoo si wa Mjerumani. Alichomelewa na fundi mageti pale stendi ya Shinyanga. Na si jogoo. Mtazameni mdomo."

Wakamtazama mdomo. Mchimbaji akamzungukia upande wa pili.

"Bata," akasema.

"Na huo mpini ni wa jembe," nikaendelea. "Ukifungua kifuniko utaona kushoto hakikai. Shati jeupe unalianzia kulia."

Mtaalamu akafungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Kushoto hakikukaa.

"Wewe mama umeyajuaje haya?" mchimbaji akauliza.

"Nimeipiga hiyo pasi. Mume wangu alikuwa dobi. Huyu bwana alikuja msibani kwetu, akasema marehemu alimwahidi."

Mwenye duka alisimama. Sasa alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza. "Mama, unanifananisha."

"Ulikula sahani mbili, ukaomba mchuzi."

Mchimbaji akacheka hadi punje zikasogea, zote, kwa pamoja, na mtaalamu akazishika kwa mikono miwili. "Ngoja kwanza," mchimbaji akasema. "Bwana, hii umeirithi kwa babu, au umeahidiwa na dobi?"

Nilimwona yule bwana anapima. Akisema alimjua mume wangu, habari ya babu mpishi imekwisha, na pasi ni ya dobi wa karibu na reli. Akishikilia babu, basi hamjui. Mlangoni palikwisha simama watu wawili wa mashine ya mpunga. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Baba, niambie hili tu, nitaondoka," nikamwambia. "Mume wangu alikuahidi?"

Alimtazama mchimbaji na pete zake. Akachagua biashara.

"Mimi mumeo simjui," akasema kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie. "Sijawahi kumwona hata siku moja. Sijawahi kuongea naye."

"Asante, baba," nikasema.

Nadhani hakuelewa nilichomshukuria. Sikuwa na haja tena ya kukaa. Nilichukua mfuko wangu wenye sahani na chemli, nikainuka, na kwa hakika ningeondoka bila pasi, nikalala usingizi Shinyanga. Lakini mchimbaji naye alikuwa ameinuka.

"Mzee, mbona unaondoka?" mwenye duka akamshika mkono. "Huyu mama ametumwa na washindani wangu."

"Sikia, bwana. Nimeingia shimoni miaka kumi na mitano, nimeuziwa mawe matupu, nimeuziwa ramani, nimeuziwa jini. Bata bado." Akamgeukia mtaalamu. "Okota mchele wangu, twende."

Wakaondoka. Waliokuwa mlangoni wakapisha, wakabaki wanacheka. Mwenye duka alisimama akiitazama pasi kama inavyotazamwa mimba ya binti asiyetaja baba. Habari ile ingefika stendi kabla yake, na hakuna mtu Kahama ambaye angeweka tena punje kuzunguka bata.

"Chukua jichuma lako," akasema. "Chukua utoke, na usikanyage hapa tena."

Nikalichukua. Nilipofika mlangoni akauliza, bila kunitazama, "Hivi nilikula sahani mbili kweli?"

"Mbili, baba."

Ameendelea na kazi yake, msidhani amekoma. Juzi nimesikia alionekana msibani kwa mwashi mmoja upande wa Buzwagi, koti ni la bluu sasa, akiomba mashine ya kusagia nyama. Watu wanampa. Na wale wanaosimama kufunga msiba wataendelea kuuliza kama yupo mwenye neno, maana hawawezi kuacha kuuliza kwa sababu ya mtu mmoja.

Nilipofika nyumbani niliosha mafuta aliyoyapaka, maana yangechafua nguo. Kabla ya kuweka mkaa, niliiweka mezani, nikachota mchele kidogo kwenye sahani yangu ya bati, nikaupanga kuizunguka. Nilijifungia mlango kwanza. Nilizitazama zile punje muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaupika.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kupalilia kaburi na nikasema naye, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Nilimwambia pasi imerudi, na kwamba nilimsingizia, anisamehe, hakumwahidi mtu yeyote. Nikang'oa majani upande wa kichwani, nikahamia upande wa miguuni.

Ila Mwanza aliniahidi. Hilo nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikamkumbusha.